Siku Mtani Alipotuita kwa Majina

Siku Drabo alipoondoka na ufunguo wa ghala, kijiji kizima kilicheka.

Aliondoka alfajiri kwa baiskeli, kabla wanawake hawajaenda kisimani. Jua lilipopanda, wenye zamu ya kufagia ghala walikuja uani kwangu kuuchukua ufunguo, wakaukuta msumari mtupu ukutani. Nikawaambia mume wangu ameuchukua. Mmoja wao alikaa chini kabisa kwa kicheko.

"Mtani ametuibia ghala!"

Habari ikazunguka mitaa yote mitatu kabla moto wa asubuhi haujazimika. Wengine walikuja kunitazama tu ili wacheke vizuri.

"Ramata, mla mbwa wako kaenda wapi?"

"Mjini."

"Kuuza ghala letu?"

"Kumleta mtu wa kilimo."

"Haya. Akirudi mwambie na sisi ni wezi. Tunakuiba wewe."

Nilicheka nao kidogo. Usipocheka kwenye utani unaonekana una neno moyoni. Lakini upande wa machweo, kule njia ya mjini inakovuka mto, mbingu ilikuwa nyeusi tangu asubuhi, na upepo ulikuwa umekufa.

Sisi ni Wamosi. Mume wangu, Lasina Drabo, alikuwa Msamo, na Wasamo ni watani wetu tangu enzi za mababu. Wanatuita watumwa wao, nasi tunawaita wala mbwa, na hakuna anayekasirika. Mtani atamshika kuku wako mbele ya macho yako aondoke naye, na huna pa kumshitaki. Akikuomba kitu huna ulimi wa kumnyima, na mbele ya maiti ndiyo kabisa. Nilipoolewa naye mama yangu alilia siku nzima, kisha akasema angalau sitakosa kicheko nyumbani. Sikukikosa.

Ghala lilianza baada ya ule mwaka mbaya tuliozika watoto wengi. Mitaa mitatu iliyokuwa haisalimiani sawasawa ilikaa pamoja. Wanawake tulichimba mashimo ya kupandia kwenye ile ardhi ngumu kama kigae, tukatia samadi kila shimo. Wanaume walibeba mawe wakayapanga mistari ili maji ya mvua yasikimbie. Shamba lile likawa la wote. Na baada ya mavuno kila nyumba ilileta beseni lake la mawele, iwe na mengi au machache. Miezi ya njaa ikifika, ghala linafunguliwa, watu wanakopa, wanarudisha wakivuna.

Ufunguo wa kwanza alipewa Mzee Salfo, mkubwa wa mtaa wa juu. Miezi ya njaa ilipofika ghala lilikuwa limebaki na panya tu. Mzee Salfo hakuiba hata punje. Alishindwa tu kumnyima mpwa wake, kisha mkwewe, kisha wale waliotahiriwa naye, kisha wakwe wa hao. Mmosi hamwambii mkwewe hapana. Akimwambia, atahama kijiji kwa aibu.

Aliyepata dawa ni Mama Tipoko, mwenyekiti wa wanawake. "Tumpe mtani," alisema. "Yeye atatunyima huku tunacheka."

Ikawa hivyo. Mtu akija kabla ya wakati wake, Drabo alisimama mlangoni na fimbo. "Mtumwa wangu, hilo tumbo linakwenda wapi mbele yako? Nani amelituma? Rudi ukale mkanda wako." Mtu alirudi mikono mitupu, akicheka, na jioni aliwasimulia wenzake alivyotukanwa. Wengine walikuwa wabishi, hao aliwadanganya. Mwaka mmoja alisema ndani kuna chatu, hata akawaonyesha gamba alilookota porini. Mwaka mwingine alisema ametia dawa ya panya, anayetaka kumfuata babu yake aingie. Kuna siku alimwambia mjumbe wa Mama Tipoko mwenyewe, "Jana usiku nimelikojolea gunia la kwanza. Chagua jingine, kama unalijua." Wote walijua ni uongo, na wote waliondoka. Kwa uongo ule ghala lilifika mavuno kila mwaka, na hakuna mtoto aliyezikwa tena kwa njaa.

Mwaka huu mvua ya mwaka uliopita ilikuwa imetuangusha, na mabeseni yaliyoletwa yalikuwa machache. Mawele yetu wenyewe yalitosha kihenge kimoja cha udongo kwenye kona. Kwa hiyo wanawake walitoa akiba ya kikundi, na Mama Tipoko akanunua magunia ya nafaka kwa mfanyabiashara aliyepita na lori, mtu tusiyemjua. Aliyapata kwa bei rahisi mno. Alipigiwa vigelegele tangu barabarani hadi ghalani, naye alistahili, maana hakuna mwanamke anayejua kubishana bei kama yeye.

Drabo ndiye aliyeyapanga ndani. Aliporudi nyumbani nilimmiminia maji ya kunawa, na maji yakaingia wekundu mwepesi, kama maji yaliyooshewa nyama. Aliyatazama muda mrefu. Kisha akabeba beseni akaenda kuyamwaga mbali, nje ya ua, kuku wasipofika.

Gunia moja lilikuwa limechanika pembeni. Punje zilizodondoka njiani ziliokotwa na kanga wa Mzee Salfo. Mchana tuliwaona wamelala chali, miguu juu, midomo imejaa povu.

Jioni ile kulikuwa na mkutano mbele ya ghala wa kupanga siku ya kufungua. Watoto walikuwa wameanza kuvimba mashavu, na watu hawakuwa na la kusubiri. Drabo alikuja na kanga wawili, amewashika miguu. Akawaweka chini katikati ya watu.

"Tipoko," alisema. "Salfo. Msiyale yale magunia. Yana sumu."

Miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumsikia akimwita Mmosi kwa jina lake. Walikuwa watumwa wake, wezi wa punda, mama wa matumbo, kila kitu isipokuwa majina yao. Nilitazama nyuso za watu nione nani mwingine amesikia. Walikuwa wameshaanza kutabasamu.

"Mwaka ule chatu," Mama Tipoko alisema, "mwaka ule dawa ya panya. Leo gunia zima la sumu! Mtani, mwakani utatuletea nini? Simba?"

"Kanga hufa kila masika," alisema Mzee Salfo. "Hawa nao wamekufa kwa kuuona uso wako."

"Wangekuwa mbwa angeshawachuna!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Sitanii," alisema Drabo.

Hapo ndipo walipoanguka kwa kicheko. Maneno hayo ndiyo aliyokuwa akianzia utani wake wote. Hata lile la chatu lilianza hivyohivyo.

Nilisimama nikasema, "Mama Tipoko, leo hatanii. Amekuita kwa jina."

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe umeshakuwa wa kwao. Kaa."

Wakapanga siku ya kufungua. Wakakubaliana waanze na magunia, mawele ya kihenge yabaki ya mwisho.

Nyumbani hakula. Alikaa na bakuli la mlenda mapajani mpaka likapoa.

"Nimewafundisha mwenyewe kunicheka," alisema.

Akaniambia ile ni mbegu ya kupanda iliyopakwa dawa ya wadudu, na kwamba atakwenda mjini kumleta mtu wa kilimo, mtu mwenye shati la serikali, ambaye si mtani wa yeyote. Ufunguo atakwenda nao.

"Na wakivunja?"

"Mmosi havunji kufuli la mtani kabla hajamaliza kucheka. Na nyie mnacheka polepole, kama mnavyolima." Alinifinya shavu. Alfajiri aliufunga ufunguo kwenye kamba akauvaa shingoni.

Siku ile ya kwanza walicheka. Usiku mvua ikanyesha huko juu, mto ukapiga ngurumo hadi kwetu. Siku ya pili walicheka wachache. Iliyofuata, nilipopita na ndoo yangu, mazungumzo yalikatika nikasikia hatua zangu mwenyewe. Nyumba ya jirani walikuwa wamechemsha maganda ya kunde, na mtoto wao mdogo alikuwa analia sauti moja tu, haipandi haishuki, tangu asubuhi.

Mama Tipoko alikuja peke yake. Alikaa kwenye kinu changu kilichopinduliwa.

"Ramata, utani una mpaka wake. Mwambie sasa basi."

"Hayupo, mama. Nitamwambia wapi?"

"Mnajua alipo nyie." Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Nina wajukuu watano ndani. Yule wa mwisho hashiki tena titi. Mimi nimezika wawili ule mwaka, unakumbuka? Siziki mtu tena huku ghala limejaa."

"Mama, kanga wale..."

"Kanga!" alisema, akaondoka.

Kesho yake walivunja kufuli kwa tindo. Nilisikia vishindo vya chuma nikiwa jikoni, na nikajua. Nilipofika, magunia yalikuwa yamepangwa uani kwenye jua, wanawake wamekaa mistari na mabeseni yao, kimya na heshima kama watu walio msikitini. Mama Tipoko alikuwa ameshafungua gunia la kwanza. Aliingiza kibuyu cha kupimia, akakitoa kimejaa. Niliona kucha zake. Zilikuwa nyekundu kama za bibi harusi.

Alikuwa ameinua kibuyu juu ya beseni la kwanza wakati yule mchungaji wa Kifulani alipoingia uani. Tulimjua, hulisha ng'ombe wake kando ya mto na hutuuzia maziwa. Nguo zake zilikuwa zimelowa hadi kifuani.

"Msamo wenu yuko mtoni," alisema. "Amekufa."

Watu waligeuka kutazama njia ya mtoni. Kisha mtu akacheka, na kicheko kikapita mstari kwa mstari, kikubwa, cha watu waliofurahi kupata sababu.

"Mwambie ainuke! Tumeshavunja mlango!"

"Amekulipa nini, Mfulani? Mkia wa mbwa?"

"Mwambie chakula kiko tayari, atafufuka!"

Mtani hujifanya maiti. Ni kawaida. Drabo mwenyewe alishajilaza barabarani siku ya soko, kajifunika shuka, mpaka Wamosi walipochanga kokwa za kola za kumfufua. Mchungaji hakujua la kufanya na kicheko kile. Aliingiza mkono kifuani mwa kanzu yake, akatoa kamba yenye ufunguo, akaishikilia juu ili wote waione. Maji yalikuwa bado yanadondoka.

Mama Tipoko alikirudisha kibuyu ndani ya gunia polepole, kama anayelaza mtoto.

Baadaye shemeji yangu alikwenda mjini kuuliza. Mlinzi wa ofisi ya kilimo alimkumbuka. Drabo alikuta mlango umefungwa, wakubwa wako kwenye semina, akaambiwa arudi wiki inayofuata. Mlinzi alimwonyesha pa kulala asubiri mto upungue. Drabo akakataa. Alisema, "Watu wangu ni wepesi kucheka lakini ni wepesi pia wa njaa. Watavunja." Akapanda baiskeli. Baiskeli ilipatikana imenasa kwenye miiba, mbali na alipopatikana yeye.

Maiti ikiwa haijazikwa hakuna anayepokea nafaka. Hiyo ni mila hata kwa mwenye njaa. Magunia yakabaki uani, moja limefunguliwa mdomo, na watoto wakawekwa kuwafukuza ndege.

Mchana maji ya mto yalipungua, na Wasamo wakavuka, ndugu zake, wakiongozwa na dada yake mkubwa, Asetu. Mwanamke mrefu, sauti yake kama ya Drabo. Alilia kwa muda mfupi na kwa nguvu, kisha akaniomba maji anawe uso. Nikampeleka nyuma ya nyumba. Nilipokuwa nammiminia nilimweleza yote, kanga, wekundu, majina. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Na baada ya mazishi?" aliuliza.

"Watagawa. Wamebakiza kunyanyua kibuyu tu."

"Hukuwaambia?"

"Nimewaambia, wifi, wakasema nimeshakuwa wa kwenu. Hawawezi kunisikia. Lakini watakupa wewe utakachoomba." Nilimpa khanga ajifute. "Usiwaombe mbuzi. Waombe magunia."

Msamo akizikwa, sisi watani lazima tuje kuharibu. Mzee Salfo alishuka kaburini akalala chali, mikono kifuani, kama ilivyopasa.

"Hazikwi mla mbwa humu!" alipaza sauti. "Ardhi yetu itabweka! Nipeni jogoo kwanza!" Lakini sauti ilimvunjikia katikati, na machozi yalikuwa yanamtiririkia masikioni kwa vile alikuwa amelala. Watu walicheka huku wakilia. Ndivyo tunavyozikana.

"Jogoo utampata," alisema Asetu. "Toka, mtumwa wangu, unachafua kaburi la bwana wako."

Akapanda juu. Mgongo wake ulikuwa umejaa udongo. Asetu alisimama ukingoni, kaka yake miguuni pake ndani ya mkeka.

"Sasa zamu yangu," alisema. "Ndugu yangu aliwalinda miaka yote kwa matusi tu, hamkumlipa hata mfupa. Nataka malipo yangu."

"Omba, bibi yetu!" walijibu, kama inavyojibiwa.

"Nataka yale magunia. Yale yaliyopangwa uani. Yote."

Hakuna aliyecheka.

"Omba kingine," alisema Mama Tipoko. "Omba ng'ombe."

"Ng'ombe wenu wamekonda kama nyie."

"Asetu. Kile ni chakula cha watoto."

"Mimi ni mtani wenu, na ndugu yangu hajafukiwa. Mnaninyima?"

Kijana mmoja wa mtaa wa chini alisema, "Huu si utani tena. Huku ni kutuua." Watu wengi waliitikia kwa kichwa. Nilimwona Mama Tipoko akizitazama kucha zake, akizisugua kwenye kitenge, na rangi haitoki. Sikujua atasema nini. Akisema hapana, wangemfuata.

Aliyesema ni Mzee Salfo. "Mtani ameomba." Akageuka kuelekea uani, udongo bado mgongoni, na tukamwona anarudi na gunia begani, mzee yule. Baada yake akaenda Mama Tipoko. Baada yake wakaenda wote.

Tulichimba shimo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Asetu akaamuru magunia yamwagwe, yachanganywe na majivu na mavi ya ng'ombe, yafukiwe kwa udongo wa kina cha kiuno cha mtu. Kuna wanawake waliolia pale kuliko walivyolia kaburini. Usiku ule hakuna aliyenisalimia. Mtu alitupa jiwe kwenye paa langu.

Asubuhi nilikuta Mama Tipoko amesimama mlangoni. Alikuwa amebeba vitu kwenye upindo wa kitenge. Akapiga goti, akaviweka chini kimoja kimoja: njiwa, wale wadogo wa shambani. Walikuwa wameokota punje zilizomwagika njiani kati ya ua na shimo. Wote midomo wazi.

Hakunitazama. Aliutazama mlango wa chumba cha mume wangu.

"Lasina," aliita, taratibu, kama anayemwita mtu aliye ndani.

Kisha akakaa chini, nami nikakaa.

Wasamo walituletea mikokoteni miwili ya kunde, wakiimba njia nzima kwamba wamekuja kuwalisha watumwa wao. Tumeziweka ghalani pamoja na mawele yetu ya kihenge. Tukipima vizuri, vitafika mavuno. Wanakijiji walitaka kunipa mimi ufunguo kwa heshima ya marehemu. Nikakataa, maana nina shangazi, nina wakwe wa ndugu zangu, na yule mtoto wa jirani bado analia ile sauti yake moja. Tukampa Asetu. Kufuli jipya ni kubwa kuliko lile la kwanza, na ufunguo anauvaa shingoni kwa kamba ileile. Anavuka kila siku ya soko, anatutukana mmoja mmoja, anafungua, anapima, anafunga, anarudi kwao.

Wiki hii mto haukupitika, Asetu hakuja, na kufuli bado limefungwa.